Guangzhou kwa miguu: mwongozo kamili wa kuzunguka mji na kupanda mlima ukiwa umefuata mzigo

Wengi wetu tukienda Guangzhou tunaenda kufuata mzigo. Unashuka uwanja wa Baiyun, unaenda hoteli Xiaobei au Sanyuanli, asubuhi uko masoko ya jumla, jioni unabishana na mtu wa kago kuhusu CBM (mita za ujazo za mzigo wako), siku zinaisha unarudi Dar au Nairobi, mtu akikuuliza kule kukoje unamwambia kuna magorofa na watu wengi. Wakati mji wenyewe una miaka zaidi ya 2200, una mlima ndani yake, una bustani ambayo ukilala Xiaobei unaifikia kwa miguu, na sehemu kubwa ya vitu hivyo ni bure au unalipa yuan tano, yuan kumi.

Kisingizio cha kila mtu ni muda. Sasa angalia masaa ya mji ule. Ukiacha soko la nguo la Shahe ambako watu wanaanza kubeba mizigo usiku wa manane, maduka mengi ya jumla hayajachangamka mpaka saa nne asubuhi na ikifika saa kumi na mbili jioni wanafunga. Wenyeji wa Guangzhou wanaishi hasa kabla na baada ya hapo: asubuhi wako bustanini na kwenye chai, usiku wako mtoni. Kwa hiyo matembezi hayagombani na biashara yako hata kidogo, we panga tu kwenye masaa yao. Mwongozo huu nimeupanga hivyo, kila hatua inaingia asubuhi kabla ya soko, au jioni, au ile Jumapili ambayo supplaya wako kakwambia mzigo bado uko kiwandani.

Hatua ya 1: simu, viatu na kalenda

Anza na simu maana bila simu iliyokaa sawa China utahangaika. Weka Alipay na WeChat, app ambazo Wachina wanalipia kila kitu, ukiwa bado nyumbani, jisajili kwa pasipoti, unganisha kadi yako ya Visa au Mastercard, ujaribu kama inakubali. Malipo ya chini ya yuan 200 kwa kadi ya nje hayana makato, ukizidisha hapo wanakata asilimia 3. Ndani ya Alipay hiyohiyo kuna Didi ya kuita teksi, na kuna QR code ya metro unayoskani getini. Noti ziwepo kidogo, mashine za tiketi za metro zinakubali, inatoka duara ya plastiki kama kishikizo kikubwa, unaigusisha ukiingia na unaitumbukiza ukitoka, usiitupe.

Google Maps haifanyi kazi bila VPN (app ya kuvuka vizuizi vya mtandao vya China), na hata ukiwa nayo ramani yake ya China inakosea. Tumia Amap, app ya ramani ya Wachina wenyewe, ina Kiingereza siku hizi, inakuonyesha hadi mlango gani wa stesheni utokee, na hilo ni jambo kubwa kwa sababu stesheni moja inaweza kuwa na milango minane na ukitokea mlango wa upande wa pili unatembea robo saa ya bure. Ukinunua eSIM (laini ya simu isiyo na kadi) ya roming kabla ya safari, WhatsApp na Google zinafunguka zenyewe bila VPN, watu wengi wanaofanya biashara wameshahamia huko.

Viatu: raba zilizokwishavaliwa, sio mpya. Usiende na makobazi mlimani, ngazi za mawe zikilowa zinateleza vibaya. Begi dogo la mgongoni, chupa ya maji, pawabenki, tishu (vyoo vya umma viko kila mahali na ni safi kiasi, ila vingi ni vya kuchuchumaa na karatasi unabeba mwenyewe). Pasipoti yako halisi tembea nayo, makumbusho mengi yanaitaka mlangoni na polisi eneo la Xiaobei anaweza kukuomba muda wowote, hapo ni kuonyesha tu, unaendelea na safari.

Kalenda sasa. Miezi mizuri ni Oktoba katikati mpaka Desemba, hewa kavu, joto la kuvumilika. Maonyesho ya Canton Fair ya vuli yanaanza tarehe 15 Oktoba kwa hiyo kama unakuja kwa hayo umepata bahati, ila hoteli zinapanda bei. Ya masika yanaanza 15 Aprili na hapo mvua imeshafunguka. Machi kuna unyevu mpaka kuta zinatoa jasho, lakini ndio mwezi misufi inachanua, nitaeleza. Juni mpaka Septemba ni joto la Dar la Februari na zaidi, pamoja na vimbunga. Kitu cha kukwepa kabisa ni tarehe 1 hadi 7 Oktoba, sikukuu ya taifa, China nzima iko barabarani.

Halafu tofauti ya saa: wao wako mbele yetu masaa matano. Saa kumi na mbili asubuhi ya Guangzhou mwili wako unajua ni saa saba usiku, usijidanganye kwamba siku ya kwanza utaamka alfajiri kupanda mlima. Siku mbili za mwanzo fanya matembezi ya usiku, mwili ukikubali ndio uhamie asubuhi.

Hatua ya 2: usiku wa kwanza, mtoni

Kwa hiyo tuanze na mto japo watu wengi wanauweka mwisho. Kutoka Xiaobei panda metro laini 5 moja kwa moja mpaka Zhujiang New Town, hakuna kubadilisha. Ukitoka juu uko Huacheng Square, uwanja mrefu uliozungukwa na maghorofa marefu kuliko yote mjini. Tembea kuelekea kusini. Kushoto kwako maktaba kubwa ya Guangzhou na makumbusho ya mkoa wa Guangdong, kulia jumba la opera lililochorwa na msanifu majengo Zaha Hadid, lilifunguliwa 2010, limekaa kama mawe mawili yaliyolambwa na maji ya mto. Mbele kabisa ng'ambo ya mto ndio mnara wa Canton Tower, mita 600, unabadilika rangi.

Swali la kila mtu: nipande juu? Mimi nasema usipande. Tiketi za kule juu ni ghali na ukishafika juu kitu pekee usichokiona ni mnara wenyewe, ambao ndio mzuri kuliko vyote. Uangalie kutoka chini, halafu hiyo hela ukanunue chakula. Bora uvuke mto kwa daraja la Haixin, daraja la watembea kwa miguu tu lililofunguliwa 2021, limepinda kama upinde na upepo wa mto unapiga vizuri, watu wanasimama hapo na watoto, wazee, wapenzi, wauza baluni za taa. Cheki pia mapema treni ya mwisho ni saa ngapi, nyingi zinakatika karibu saa tano na nusu usiku, ukichelewa ni Didi.

Boti za watalii zipo, zinaanzia gati kama Tianzi na Dashatou, bei inategemea boti na ghorofa unayokaa. Nzuri kama una familia. Kama uko peke yako, feri za kawaida za abiria zinapita mto huohuo kwa nauli ndogo sana ukilinganisha.

Hatua ya 3: asubuhi ya Yuexiu mpaka Beijing Lu

Haya ndio matembezi ya kwanza ya kweli, na kama una asubuhi moja tu Guangzhou nzima fanya hii. Bustani ya Yuexiu iko nyuma ya Xiaobei, kuna geti upande huo wa mashariki, kutoka hoteli nyingi za hapo ni dakika kumi au kumi na tano kwa mguu. Kama unalala kwingine shuka stesheni ya Yuexiu Park, laini 2. Kuingia bure. Fika saa kumi na mbili na nusu au saa moja kasoro.

Utakuta bustani imejaa wazee kuliko vijana. Kundi moja linacheza taichi kimya, mita ishirini pembeni wamama wanacheza dansi na spika imefunguliwa mpaka mwisho, wengine wanapiga danadana ile ya manyoya wanaita jianzi, wanaipokezana kwa visigino bila kuangalia nyuma, watu wa miaka sabini hao. Ukibahatika utamkuta mzee mwenye brashi ndefu ya sponji na ndoo ya maji, anaandika herufi za Kichina kwenye sakafu ya mawe, kila herufi ukubwa wa sahani ya pilau, anaandika anarudi nyuma hatua moja, anaandika anarudi, na akifika mwisho wa mstari mwanzo wake umeshakauka umepotea. Hauzi kitu, hatengenezi video, anafanya mazoezi tu. Simama utazame, hakuna anayekasirika, picha omba kwa ishara kwanza.

Fuata vibao mpaka sanamu ya Mbuzi Watano, ya mawe ya granaiti, iko pale tangu mwaka 1960 hivi na ndio alama ya mji. Hadithi yenyewe ni kwamba wakati wa njaa walishuka watu watano wa mbinguni wamepanda mbuzi watano wenye masuke ya nafaka mdomoni, wakawapa watu mbegu, wao wakaondoka na mbuzi wakageuka mawe. Ndio maana ukikaa Guangzhou utaona mbuzi kila sehemu, mpaka kwenye majina ya kampuni.

Kutoka hapo panda kidogo mpaka Zhenhai, mnara mwekundu wa ghorofa tano uliojengwa 1380 enzi za Ming, ndani ni makumbusho ya mji. Unafunguliwa saa tatu na Jumatatu umefungwa kama makumbusho mengi ya China, tiketi hela ndogo. Kama umefika mapema usisubiri, zunguka nje uone kipande cha ukuta wa zamani wa mji ambacho mizizi ya mibaniani (miti ya banyan, ndugu wa mkuyu) imeushika mpaka hujui kipi kinamshikilia mwenzake.

Sasa utamu wa njia hii ni kwamba kuanzia hapo mpaka mtoni ni karibu mstari ulionyooka, ndio uti wa mgongo wa mji wa zamani. Panda kilimani kwenye nguzo ya ukumbusho wa Sun Yat-sen, kisha shuka ngazi, ni karibu mia tano, kwa hiyo shauri langu shuka nazo, usizipande. Chini unatokea ukumbi wa Sun Yat-sen wenye paa la vigae vya bluu, ulimalizika 1931, ndani una viti zaidi ya 3000 na hakuna nguzo inayokuzuia kuona jukwaa. Sun Yat-sen mwenyewe ni mtu wa mkoa huu, ndiye aliyeongoza kuangusha ufalme wa mwisho wa China, wanamheshimu pande zote.

Kwenye uwanja wa ukumbi huo kuna mti wa msufi wa miaka zaidi ya 300. Ni ndugu wa msufi wetu wa sufi za mito, ila wa kwao maua yake ni mekundu, makubwa kama kiganja, na mwezi Machi yanachanua kabla majani hayajatoka, mti mzima unawaka. Ua la msufi huo ndio ua la mji. Yakianguka yanapiga chini kwa kishindo, puu, na utaona wamama wanayaokota haraka wanaweka kwenye mifuko ya rambo, wanakausha, yanaenda kwenye supu na kwenye chai ya mitishamba. Tofauti na sisi tunaosubiri pamba tu.

Endelea kusini, pita bustani ya Renmin, geuka kushoto mpaka Beijing Lu. Hiyo ni mtaa wa maduka, watu kibao, ila angalia chini katikati ya barabara kuna vioo, na chini ya vioo unaona tabaka za barabara za zamani, kumi na moja zimepandana, ya chini kabisa ni ya enzi ya Tang. Yaani watu wanafanya biashara kwenye mstari uleule zaidi ya miaka elfu moja. Hapo itakuwa kama saa nne, metro ya Gongyuanqian iko jirani, nenda kafanye kazi.

Hatua ya 4: upande wa pili wa Yuexiu, hasa Ijumaa

Ng'ambo ya barabara ya Jiefang Bei, karibu na stesheni ileile ya Yuexiu Park, kuna vitu viwili ambavyo Mswahili hatakiwi kuvikosa.

Kwanza kaburi la mfalme wa Nanyue, ufalme wa kale wa huku kusini. Mwaka 1983 mafundi walikuwa wanasawazisha kilima wajenge nyumba za kuishi, wakakuta kaburi la miaka zaidi ya 2100 halijaguswa. Mfalme kavalishwa suti ya vipande vya jiwe la jedi vilivyoshonwa kwa uzi wa hariri, na unaingia kwenye kaburi lenyewe, umeinama, vyumba vya mawe vidogo. Ila nenda kwenye kabati lenye pembe za ndovu. Walikuta tano nzima, na makumbusho yenyewe yanaeleza ni za tembo wa Afrika. Karne ya pili kabla ya Kristo! Sisi tunajisifu tumeanza kwenda Guangzhou miaka ya 2000.

Pili, mbele kidogo, msikiti wa Xianxian wenye kaburi linalotajwa kuwa la Saad bin Abi Waqqas, sahaba wa Mtume. Wanahistoria wengi wanasema alizikwa Madina, lakini Waislamu wa China wanalizuru na kuliheshimu kwa karne nyingi na sehemu yenyewe ina utulivu, miti mikubwa, makaburi ya mawe. Ijumaa panajaa kweli: Waarabu, Wahui na Wauyghur (Waislamu wa China), Wasomali, Wasenegali, na Waswahili wako. Baada ya swala nje kunakuwa na mishikaki ya kondoo, mikate ya duara, matunda yaliyokaushwa. Kama wewe si Mwislamu nenda siku nyingine, vaa kwa heshima, uliza mlangoni kabla ya kuingia. Kuna msikiti mwingine wa zamani, Huaisheng, karibu na metro ya Ximenkou, wenye mnara mrefu mweupe usio na nakshi, zamani meli zilikuwa zinauangalia kama taa, maana mto ulikuwa karibu kuliko sasa. Wasioswali mara nyingi wanauangalia kutoka nje tu.

Hatua ya 5: mlima Baiyun

Huu ndio sababu ya mimi kuandika haya yote. Mlima uko ndani ya jiji la mamilioni ya watu, kilele chake Moxing Ling ni mita 382 tu, kwa hiyo usiogope, hakuna Kilimanjaro hapa, mtu wa kawaida anayepanda ngazi za Kariakoo bila kulia atafika. Kuingia yuan 5.

Usafiri: siku hizi kuna laini 11, ile inayozunguka mji iliyofunguliwa mwisho wa 2024, ina stesheni ya Yuntai Garden, iko mguuni mwa mlima upande wa kusini. Kutoka Xiaobei nenda stesheni moja mpaka Guangzhou Railway Station, badilisha. Au mkiwa watatu ita Didi, mkigawana ni hela ndogo na mnafika fasta.

Toka saa kumi na mbili asubuhi. Wikiendi hasa, kwa sababu saa tatu njia kuu inakuwa kama Msimbazi siku ya Jumamosi. Ukiingia geti la kusini una njia tatu: kebo, barabara ya lami, na ngazi za mawe za msituni. Kebo muachie mzee na mtoto, au panda nayo na ushuke kwa mguu. Barabara ya lami ni ndefu lakini mteremko wake mpole na ina kivuli. Mimi napenda kuchanganya, unafuata lami kidogo, ukiona ngazi zinaingia mitini unazikamata, zinakukatia kona, unatokea tena kwenye lami juu zaidi umelowa jasho. Huwezi kupotea, vibao vipo vya Kichina na Kiingereza na kila njia inayopanda inaelekea juu.

Njiani utapishana na watu wanateremka na vitoroli vidogo vyenye madumu ya maji, wengine wamebeba madumu mgongoni. Hao wametoka kukinga maji ya chemchemi, wanaamini chai ya maji ya mlima ni tamu kuliko ya bomba, wanafanya hivyo kila siku na wengine umri wao unakuaibisha. Pia wapo wanaotembea kinyumenyume wakijipiga mapaja na mabega, ni mazoezi, usishangae sana.

Sasa usipite bila kula doufuhua. Ni maziwa ya soya yaliyogandishwa na maji hayohayo ya mlimani, laini kiasi kwamba kijiko kinazama chenyewe, wanakuletea kwenye bakuli ya moto na juu wanamwaga sharubati ya sukari. Bakuli moja bei ya soda. Kaa kwenye kiti cha plastiki, kula polepole, ndio utaelewa kwa nini watu wanapanda mlima kila wiki. (Mlima huu pia una chakula chake maarufu, miguu ya nguruwe ya Baiyun, wale wenzangu tusiokula tunapita tu.)

Kwa mwendo wa kawaida na kusimama kupiga picha, kutoka geti la kusini mpaka Moxing Ling weka saa moja na nusu mpaka mbili. Juu siku safi unaona mji mzima mpaka Canton Tower, siku ya ukungu huoni kitu, kwa hiyo angalia hewa kwenye simu kabla hujatoka. Bonde lile upande wa magharibi chini ya mlima ndiko ulikokuwa uwanja wa ndege wa zamani mpaka 2004, ndege zilikuwa zinapita hapo ubavuni. Kama miguu bado ina nguvu shukia geti la magharibi badala ya kurudi ulikotoka, na kama imeisha kuna vigari vya umeme vya kulipia.

Tahadhari zangu ni chache: mbu, hasa vichakani baada ya mvua, paka dawa. Usiingie njia ya udongo isiyo na kibao, kuna nyoka kama msitu wowote. Na siku ya tisa ya mwezi wa tisa kwa kalenda yao ya mwezi, inaangukia Oktoba hivi, ni sikukuu ya kupanda milima, mji wote uko pale usiku kucha. Usiende.

Hatua ya 6: Shamian na Yide Lu

Hii ni ya jioni, kuanzia saa kumi, au asubuhi ya Jumapili. Shuka metro ya Huangsha, laini 1 au 6, vuka daraja la waenda kwa miguu uingie Shamian. Ni kisiwa kidogo, urefu wake hata kilometa moja hakifiki, Waingereza na Wafaransa walijimegea baada ya vita vya kasumba, kuanzia 1859, wakachimba mfereji kujitenga na mji. Majengo yao ya zamani yamebaki, mibaniani mikubwa imefunika barabara, magari machache, na kila hatua kumi kuna bibi harusi anapigwa picha. Ukichoka ingia ukumbi wa hoteli ya White Swan, iko hapo tangu 1983, ndani ina maporomoko ya maji na hakuna anayekuuliza.

Ng'ambo ya mfereji ni soko la Qingping la dawa za asili, farasi wa bahari waliokaushwa, nge, uyoga, mizizi nisiyoijua hata kwa sura. Harufu yake inakufuata. Na kwenye kona za eneo hilo kuna vibanda vya chai baridi, liangcha, wanakwambia inatoa joto mwilini. Ni chungu kama mwarobaini. Jaribu kikombe kidogo kimoja, inatosha.

Toka Shamian fuata ukingo wa mto kuelekea mashariki, upite jengo la zamani la forodha la 1916, baada ya kama nusu saa ya kutembea taratibu ingia ndani upate Yide Lu. Wenye biashara ya midoli, mapambo na zawadi mnaijua Yide Lu, ila wengi hawajui kwamba katikati ya yale maduka ya samaki wakavu kuna kanisa kuu la granaiti tupu lenye minara miwili, lilimalizika 1888, Wachina wanaliita nyumba ya mawe. Jumapili mchana huwa kuna misa ya Kiingereza na Waafrika wanajaa.

Hatua ya 7: chai ya asubuhi na Liwan

Laini 5 hiyohiyo ya Xiaobei, upande wa magharibi, shuka Zhongshanba, uko bustani ya ziwa Liwan. Hapa nitapita haraka: mfereji wa Lizhiwan wenye boti, mtaa wa Enning wenye vibaraza vya kufunika barabara hivi kwamba unatembea mvuani bila kulowa, Yongqing Fang ambako nyumba za zamani zimegeuzwa kafe, makumbusho ya opera ya Kikanton. Ukoo wa Chen, jumba la 1894 lenye mapaa yaliyojaa sanamu za udongo, liko stesheni ya jina lake laini 1, na kama utaingia jumba moja tu la kihistoria Guangzhou liwe hilo.

La kukaa nalo ni chai. Hoteli za chai za zamani kama Taotaoju, ipo tangu 1880, asubuhi zimejaa familia nzima, bibi na wajukuu, gazeti, kelele. Unachagua chai, unapewa beseni, chai ya kwanza ni ya kuoshea vikombe na vijiti, mwaga humo. Mtu akikumiminia gonga vidole viwili mezani mara mbili tatu, ndio asante. Birika likiisha acha mfuniko wazi pembeni, mhudumu anajua. Waislamu wawe makini, vitafunwa vinavyokuja na chai siyo vya nyama tu, hata vile vya kamba wa baharini mara nyingi vina mafuta ya nguruwe ndani. Tafuta kibao cha qingzhen, yaani halali, Huimin Fandian pale Zhongshan Liu Lu ni ya siku nyingi, na maduka ya tambi za Lanzhou yako kila mtaa.

Ukipata siku nzima, na ukipata mvua

Siku nzima bila kazi ina chaguo mbili. Bustani ya mimea ya South China, laini 6, stesheni ya Botanical Garden, ilipandishwa hadhi kuwa ya taifa mwaka 2022, kubwa mno, beba chakula. Au ardhi oevu ya Haizhu, kusini mwa mji, kama hekta 1100 za mifereji na mashamba ya zamani ya lichi, iliingia orodha ya Ramsar, ya ardhi oevu muhimu duniani, 2023. Kama unapenda ndege nenda Haizhu majira ya baridi, saa moja asubuhi, na darubini. Kama una watoto nenda bustani ya mimea.

Mvua ikikukamata usilazimishe mlima. Makumbusho ya Guangdong pale Huacheng Square yanakula masaa matatu bila wewe kujua, kuingia bure ila unaweka nafasi mapema kwa namba ya pasipoti. Kimbunga kikija wanatangaza kwa rangi, inaanza nyeupe, inakwenda bluu, njano, chungwa, mwisho nyekundu. Ikifika njano bustani na mlima vinaweza kufungwa, ikifika chungwa nunua tambi za kikombe, chaji simu, kaa hotelini, na mpigie mtu wako wa kago umuulize kontena limefungwa au bado.